Hali ya Nyoyo katika Zamu ya Usiku

Jioni, magari yashushapo watu wa Boko warejeao kutoka kazini, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, wapo wachache wapandao kuelekea mjini: hao ni wauguzi waingiao usiku, waendao kukesha katika wodi za hospitali za Mwananyamala au Muhimbili ilhali jirani zao wanafunga milango. Watu huwasifu kwa subira yao, na mara nyingine huwalaumu kwa ukali. Wachache huzingatia kwamba hali ya nyoyo zao ina sababu zijulikanazo.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Binadamu ameumbwa na saa ya ndani ifuatayo mwanga wa jua, na kwa kufafanua utendaji wake Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2017. Karibu na saa kumi alfajiri joto la mwili hushuka mno, fikra huwa nzito na hasira huwa karibu. Na huenda saa hiyohiyo mgonjwa akazidiwa, mzazi akashikwa na uchungu, na jamaa wakataka habari, hali wauguzi ni wachache.

Sababu ya pili imo katika kazi yenyewe. Muuguzi aliyetoka kumfunika marehemu hana budi kumwendea mgonjwa wa kitanda cha pili kwa uso wa faraja. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alibainisha mwaka 1983 kuwa kuzitawala hisia namna hiyo ni kazi kamili, japo haionekani. Simanzi isiyopata msikilizaji humwambukiza muuguzi mwenzi wa zamu, kisha ikamfikia mgonjwa.

Sheria ya nchi nayo huutambua uzito wa kukesha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huhesabu usiku tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huamuru nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na hukataza kumlazimisha mjamzito kukesha miezi miwili kabla ya kujifungua. Hayo ni haki, lakini fedha haziliwazi moyo. Maadamu utulivu wa wodi ni dhamana ya wote, wakati wa kukabidhiana zamu na aulizwe pia hali yake aliyekesha. Nasi majirani, tupunguze sauti za redio mchana, kwani usingizi wake ni sehemu ya matibabu yetu.