Muwasho wa Miezi Mingi Si Fangasi Tu

Saratani ya sehemu ya nje ya uke iko mahali panapoonekana kwa macho, tena mara nyingi hukua polepole, na bado wanawake wengi hutufikia wamechelewa. Hilo linaniuma. Historia zao hufanana: muwasho usiokwisha, vidonge vya kudumbukiza kutoka duka la dawa, kisha krimu, kisha vidonge tena. Kila waliyemwendea amewaambia ni fangasi, wala hakuna aliyewaomba wapande kitandani waangaliwe.

Kwa wanawake wa umri wa kati, chanzo mara nyingi ni virusi vya HPV, hasa aina ya 16. Masundosundo husababishwa zaidi na aina ya 6 na 11, ambazo ni nadra kuzaa saratani. Virusi hupenya kwenye michubuko midogo wakati wa kujamiiana; kondomu husaidia, ila haifuniki ngozi yote. Miili mingi huvishinda ndani ya miaka miwili. Vikiganda, protini yake ya E6 huangamiza p53, mlinzi anayezuia seli yenye hitilafu isigawanyike. Anayeishi na VVU au anayevuta sigara yumo hatarini zaidi.

Kwa wazee hali ni nyingine. Wengi wao hawana HPV. Saratani yao huanza na ugonjwa unaoifanya ngozi kuwa nyeupe na nyembamba kama karatasi ya sigara, nao unahitaji dawa na kufuatiliwa.

Kidonda kisichopona, uvimbe, au ngozi iliyobadilika rangi na kunenepa havitambuliki kwa kukisia. Tunachoma ganzi, tunakata kinyama cha milimita chache, maabara inatoa jibu. Mabadiliko yakikutwa kabla hayajawa saratani, krimu maalumu au upasuaji mdogo hutosha. Saratani ikishafika kwenye tezi za kinenani, mgonjwa akaota mitoki, upasuaji huwa mkubwa na mara nyingi mionzi hufuata.

Chanjo ya HPV inayokinga mlango wa kizazi huikinga pia sehemu hii ya nje. Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mpelekeni binti akiwa bado mdogo, kabla hajakutana na virusi.

Na wewe mama unayekwenda kupimwa mlango wa kizazi, jua kwamba kipimo hicho hakioni saratani ya nje. Mwambie muuguzi unawashwa wapi na tangu lini, apaangalie vizuri kabla hajaingiza chombo.