Lori la Misaada kwenye Barabara ya Bura

Kuna Bura mbili, na Mto Tana umezitenganisha. Ile ya magharibi, katika Kaunti ya Tana River, inajulikana kwa mradi wa kilimo cha kumwagilia ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ile ya mashariki imo Fafi, Kaunti ya Garissa, nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Dereva wa lori la misaada anayekabidhiwa hati ya mzigo iliyoandikwa "Bura" tu, bila jina la kaunti, anapaswa kuuliza kabla hajawasha injini. Akitokea ukingo usio wake, siku imekwisha na dizeli imeteketea bure.

Fafi ndiko iliko Hagadera, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa na ukame wa 2020 hadi 2023. Kwa hiyo malori ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ya mashirika ya kigeni na ya vikundi vidogo vya wenyeji si mageni huku. Hubeba unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, dawa na maji. Mara nyingi lori lenyewe ni la kutolewa, na hapo ndipo tatizo huanzia: mfadhili hupenda kupigwa picha karibu na gari jipya, lakini hakuna anayepiga picha na filta ya oili.

Matokeo yake yalionekana zamani, si mbali na hapa. Mwaka 1988 Mwingereza Barry Coleman, mwandishi wa habari za mbio za pikipiki, na Mmarekani Randy Mamola, mshindani maarufu wa mbio hizo, walizuru Somalia pamoja na shirika la Save the Children. Walikuta vyombo vya usafiri vya huduma za afya vimelala kwa kukosa matunzo madogo madogo, wala havikuwa vimezeeka. Baadaye Coleman na mkewe Andrea, pamoja na Mamola, walianzisha Riders for Health, shirika lililofanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Kanuni yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata: kifaa hubadilishwa kwa ratiba, kabla hakijafa. Anayesubiri belti ya feni ikatike ndipo anunue nyingine atainunua kwa bei ya lori lililokwama porini na mzigo wa watu wenye njaa.

Kwenye barabara ya Bura adui wa kwanza ni joto, wa pili ni vumbi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata moto ndani na mwishowe hupasuka. Ndiyo maana upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Saa nane mchana kipimo kitaonyesha presha imepanda, na dereva asiyejua ataipunguza. Jioni, tairi likipoa, litakuwa na upepo pungufu. Vumbi nalo huziba filta ya hewa, injini ikakosa pumzi, ikala dizeli zaidi na kutoa moshi mweusi. Kwenye njia ya lami filta hiyo inaweza kukaa kwa muda ulioandikwa kitabuni. Huku hukaguliwa mara nyingi zaidi. Nati za magurudumu hukazwa tena baada ya mwendo mfupi kila gurudumu linapobadilishwa, kazi ambayo dereva na taniboi wake huiruka kwa urahisi kwa kuwa gari linaonekana zima.

Kisha mzigo. Lori dogo la tani 7 hubeba magunia 140 ya kilo 50. Hesabu hiyo haina nafasi ya huruma. Magunia 20 ya ziada ni tani nzima, na tani hiyo huonekana pale breki zinapokanyagwa. Lori la maji lina hila yake: lita 10,000 ni tani 10, lakini tangi lililojaa nusu linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa pomoni, maana maji hukimbilia mbele dereva akifunga breki, na hukimbilia pembeni akikata kona. Tangi zuri lina kuta za ndani zenye matundu za kuyatuliza. Tangi la plastiki lililofungwa kwa kamba juu ya bodi ya kawaida kwa kawaida halina.

Mvua ikianza, kanuni nyingine zote hukaa nyuma ya moja: usiingie maji usiyoyajua. Tarehe 4 Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi Aprili 2024 basi lililotoka upande wa Garissa lilisombwa na mafuriko Kaunti ya Tana River. Abiria wake 51 waliokolewa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kusomba magari mengi, na chini yake huenda barabara yenyewe imeshaondoka. Hata mafuriko yakipungua, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio karibu na mto hushika magurudumu kwa siku kadhaa.

Jaribu gumu kuliko yote, hata hivyo, si la kifundi. Ni mama mzee aliyesimama juani na mtungi wake, akiomba kupandishwa juu ya magunia. Malori ya biashara hupakia watu hivyo kila siku. Mashirika mengi hukataza, na yana haki: gunia likiteleza, aliye juu yake huanguka nalo. Lakini dereva ndiye anayekataa uso kwa uso, katika jamii inayomjua. Ofisi inayomwachia aibu hiyo peke yake haijatimiza wajibu wake. Wazee na kamati za vijiji waelezwe sheria hiyo mapema.

Vivyo hivyo safari za usiku. Ofisi inayodai mzigo ufike alfajiri, kisha ikafumba macho dereva akitafuna miraa ili asilale, imeshiriki katika ajali kabla haijatokea. Mwezi wa Ramadhani ratiba ipangwe ili dereva aliyefunga awe amefika kabla ya futari, asilazimike kuikimbilia barabarani.

Vikundi vinavyoomba lori mwaka huu viandike katika ombi lilelile fedha za matairi, filta, bima na ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na mshahara wa dereva mwenye leseni ya daraja linalofaa. Mfadhili akikubali gari na kukataa hayo, bora kikundi kikodi lori la mtu anayelitunza.