Mama Aliyewafungulia Njia Binti Zake

Msomaji mpenzi, umepata kusikia habari za Shobhna Samarth wa Bombay? Mwaka 1943 alicheza sehemu ya Sita katika filamu ya Kihindi "Ram Rajya", akajulikana kote Bara Hindi. Lakini hakutosheka kuongozwa na wengine. Mwaka 1950 alitengeneza na kuongoza mwenyewe "Hamari Beti", maana yake Binti Yetu, akamwingiza humo binti yake Nutan. Mwaka 1960 akamfanyia vivyo hivyo Tanuja katika "Chhabili". Ila fedha huleta fitina: mama na Nutan waligombana kwa miaka mingi. Kwa bahati njema walipatana kabla Nutan hajafariki mwaka 1991. Basi, ewe mzazi, ukimfundisha mtoto kazi yako, mwonyeshe na hesabu zake.