Ndugu wa Mgonjwa Naye Anahitaji Kuuguzwa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, kuhara kwa watoto, maji ya kuchemsha na chanjo. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, tuzungumze juu ya jambo ambalo halipimwi maabara wala haliuzwi kwenye dirisha la dawa. Ni huruma ya muuguzi kwa mgonjwa, na kwa wale waliomleta. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

USIKU MMOJA WA MWAKA 1999

Wakati huo tulikuwa wauguzi vijana katika hospitali nyingine, si hii tunayoitumikia sasa. Katika wodi ya wanaume alilazwa mzee mmoja ambaye ugonjwa wa ini ulikuwa umekwisha kumshinda. Tumbo lilikuwa limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na siku hiyo alianza kusinzia na kusema maneno yasiyoeleweka. Binti yake ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alimletea uji, alimwosha miguu, alimfulia shuka.

Saa 12 jioni muda wa kuwatazama wagonjwa ulikwisha. Binti akatuomba, "Sista, naomba nikae na baba leo. Namwona hayuko kama jana." Tukamjibu, "Dada, sheria ni sheria. Nenda, urudi asubuhi." Tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda 40, dripu zinangoja, na sindano za jioni zilikuwa hazijachomwa. Haraka tulikuwa nayo kweli. Lakini pia tulijua. Daktari alikwisha kuandika kwenye faili, na wakati wa kukabidhiana zamu tulikwisha kuambiana kwamba mzee huenda asifike asubuhi. Tulijua sote, isipokuwa mwanawe.

Mzee alifariki saa 9 usiku. Kulipokucha tulifungua mlango, tukamkuta binti barazani, amejifunika kanga, chupa ya chai iko kando yake. Alikuwa amelala pale usiku kucha, hatua kama 30 kutoka kitanda cha baba yake. Tulipomweleza hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Mlijua?" Tukanyamaza. Akasema, "Mngeniambia, ningekaa pale chini. Nisingewasumbua."

Katika daftari la wodi hapakuwa na kosa lolote. Dawa zilitolewa, joto lilipimwa, saa ya kifo iliandikwa. Hata hivyo tulimkosea mzee, tukamkosea na binti yake, na usiku ule hatuwezi kuurudisha.

WOTE WAWILI WANAUGUZA

Kiswahili chetu kina hekima. Mwenye cheti ukutani anauguza, na mama aliyeketi sakafuni kando ya kitanda, naye tunasema anauguza. Neno ni moja. Tena huyu wa sakafuni ameacha shamba lake wakati wa palizi, ameacha watoto kwa jirani, pengine ameuza mbuzi ili apate fedha za dawa. Halali vizuri, hali vizuri, na moyo wake una hofu. Tukimtibu mgonjwa na kumfokea ndugu yake, kazi yetu tumeifanya nusu.

Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, aliyajua haya kwa kuyapitia. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari na mcheza kamari. Alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, na alipolazwa hospitalini Roma aliona jinsi wagonjwa walivyotupwa bila kujaliwa. Hapo akaanzisha shirika la kuwahudumia, akafanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1614.

Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka msingi wa mafunzo ya uuguzi wa siku hizi, aliandika kitabu juu ya uuguzi mwaka 1859. Humo aliwaonya watu wasinong'onezane karibu na mgonjwa, kwa maana mgonjwa hukaza masikio na moyo wake huzidi kuhangaika. Naye Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu si ya mwili peke yake. Mtu huumia pia moyoni, huumia kwa kuwaza familia yake, na huumia rohoni. Kidonge kinatuliza sehemu moja tu.

MNAYOSTAHILI KUPATA KWETU

Mgonjwa aitwe kwa jina lake, kwa heshima: Mama, Baba, Bibi. "Yule wa kitanda namba 7" si jina la mtu. Aelezwe kabla ya kuguswa: "Mama, nakuchoma sindano ya kupunguza homa." Anapooshwa au kubadilishwa nguo avutiwe pazia, hata kama ni mzee, hata kama amezimia. Habari za ugonjwa wake zisitangazwe korido nzima. Na ndugu wanapouliza, wajibiwe. Kama jibu hatunalo, tuseme, "Ngojeni, tutamwuliza daktari," kisha kweli tumwulize.

Hayo hayahitaji fedha wala mashine. Mkijibiwa vibaya, msiondoke na uchungu moyoni. Mwoneni matroni au kiongozi wa zamu, mweleze kwa utulivu. Nasi ni binadamu, tunachoka, na wakati mwingine tunahitaji kukumbushwa.

NINYI NANYI MTUSAIDIE

Ndugu anayeuguza akielekezwa vizuri huokoa maisha. Tafadhali shikeni haya:

1. Chagueni mtu mmoja wa familia wa kuzungumza na wauguzi na daktari, kisha awaeleze wengine. Watu 10 wakiuliza kila mmoja kwa wakati wake, habari huchanganyika.

2. Ulizeni mambo matatu: anaumwa nini, anapewa dawa gani na ya kazi gani, na tutegemee nini. Kuuliza si ujinga.

3. Mkiambiwa mgonjwa asile wala asinywe kabla ya upasuaji, msimwonee huruma mkampa uji kwa siri. Akiwa katika usingizi wa dawa chakula kinaweza kurudi, kikaingia mapafuni, kikamwua.

4. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala. Tuombeni tuwaonyeshe namna ya kumgeuza. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Mkiona ngozi ya kiunoni, nyongani au kisiginoni imebadilika rangi, au ina joto na imekuwa ngumu, msiisugue. Tuiteni tuitazame.

5. Anayesinzia sana asilishwe wala kunyweshwa kwa nguvu, kwa maana atapaliwa. Akiwa macho na anaweza kumeza, akalishwe ameinuliwa kichwa na mgongo, kijiko kidogo kidogo. Midomo ikikauka, ilowesheni kwa kitambaa safi chenye maji.

6. Kama alikwisha kunywa dawa za kienyeji, tuambieni. Hatutawagombeza. Dawa nyingine hazipatani na zile za hospitali, nasi tukijua mapema tunaweza kumkinga. Mficha maradhi kifo humuumbua.

7. Naweni mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Watoto wadogo waacheni nyumbani.

SAA NGUMU ZAIDI

Yako magonjwa ambayo dawa hazitayaponya. Hapo wengine husema, "Hakuna la kufanya tena." Si kweli. Maumivu makali yanaweza kutulizwa. Katika nchi jirani ya Uganda, tangu mwaka 1993, shirika la Hospice Africa lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman limeonyesha kwamba morfini ya kunywa inaweza kumtuliza mgonjwa hata akiwa nyumbani kwake. Mgonjwa wenu akilia kwa maumivu, msikubali kuambiwa avumilie tu. Ulizeni ni dawa gani inayoweza kumsaidia, na kama haipo hapo, ulizeni inapatikana wapi.

Padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si kwa ajili ya anayekata roho peke yake. Ni sakramenti ya kumtia nguvu mtu aliye katika ugonjwa mzito au uzee. Na kwa kuwa wodini tunao pia wagonjwa Waislamu na wa madhehebu mengine, nao tuwaitie watu wao, tuwape nafasi ya kusali kwa desturi yao.

Mgonjwa akizimia, endeleeni kumsemesha kwa upole. Hata asipojibu, huenda bado anasikia. Mshikeni mkono, mwambieni nani amekuja. Ugomvi wa mashamba na mahari ufanyieni mbali na kitanda chake, au afadhali uacheni kabisa.

Nasi wauguzi habari nzito tusiitolee mlangoni tukiwa tumesimama na sinia la sindano mkononi. Tuwaite ndugu pembeni, tuketi nao, tuseme kwa maneno yanayoeleweka: "Baba hali yake ni mbaya. Tunadhani huenda asimalize usiku huu. Mnataka nani awe naye?" Wakilia, tuwaache walie. Hatulazimiki kuwa na la kusema. Kukaa nao dakika 5 kunatosha kuliko hotuba. Na mgonjwa akifariki, wapeni ndugu muda wa kumwaga kabla ya mwili kupelekwa mochwari.

Katika wodi yetu ya sasa muda wa kutazama wagonjwa bado upo, maana wagonjwa wanahitaji kupumzika na sisi tunahitaji nafasi ya kufanya kazi. Lakini nyuma ya mlango wa chumba cha wauguzi tumeweka mikeka miwili na blanketi. Ni kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa ambaye hali yake imekuwa mbaya. Muuguzi wa zamu ana ruhusa ya kumwambia, "Mama, leo usiondoke. Kaa naye." Yule binti wa mwaka 1999 hatukumwona tena. Mikeka hiyo tuliiweka kwa sababu yake.

Mungu awajalie afya, na wagonjwa wenu awajalie faraja. Tuonane mwezi ujao.