ZAFARANI YA KWELI NA ZAFARANI YA JINA TU

Wasomaji wetu wengi walijua jina la zafarani, hasa wale wa pwani waliokula biriani na halua katika arusi. Lakini ni wachache waliopata kuona ua lake, na wengi zaidi hununua kitu kingine kwa jina hilo. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze zafarani ni nini, inalimwaje, na jinsi ya kuitambua, ili mtu asitoe fedha yake bure wala asijidhuru.

Zafarani ni nyuzi nyembamba nyekundu zitokazo ndani ya ua dogo la rangi ya zambarau. Kila ua lina nyuzi tatu tu. Mmea wake hauzai mbegu. Huota kwa tunguu lililo chini ya ardhi, mfano wa kitunguu kidogo, nalo huzaa matunguu mengine ya kupandwa.

Nchi ya Iran ndiyo itoayo sehemu kubwa ya zafarani ya dunia. Lakini mfano mzuri wa mahali ambapo wenyeji huilima na kuila wenyewe ni mji wa Pampore, katika Kashmir, kaskazini ya Bara Hindi. Huko maua huchanua mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, kwa siku chache tu. Wanaume, wanawake na watoto hutoka alfajiri kuyachuma kabla jua halijawa kali, kisha hukaa nyumbani kuchambua nyuzi moja moja kwa vidole na kuzikausha. Ili kupata kilo moja ya zafarani kavu huhitajiwa maua kama 150,000. Yaani gramu moja ni kazi ya maua 150. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake kuwa kubwa.

Wenyeji wa Kashmir huitia katika wali wa sherehe, na katika chai yao iitwayo kahwa, pamoja na iliki, mdalasini na lozi. Lakini mashamba yao yamepungua. Mvua hazifiki kwa majira yake kama zamani, nyumba zimejengwa penye mashamba, na nungu hufukua matunguu usiku. Mwaka 2010 Serikali ya India ilianza mpango wa kuyafufua, na mwaka 2020 zafarani ya Kashmir ilipata hati ya kulinda jina lake, ili ya mahali pengine isiuzwe kwa jina hilo.

Je, yaweza kulimwa kwetu? Mmea huu wataka baridi kali wakati wa kipupwe, na ukavu wakati wa joto matunguu yanapolala. Katika joto na unyevu wa pwani matunguu huoza. Basi mtu akija kijijini akiuza matunguu kwa bei kubwa na kuahidi utajiri wa upesi, viongozi wa kijiji na walimu wawashauri watu wawaulize kwanza mabwana shamba.

Sasa twaeleza jinsi ya kuitambua. Tia nyuzi chache katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya uongo humwaga rangi mara moja, na uzi hubaki mweupe. Walaghai hupaka rangi nywele za mahindi, au huuza maua ya mmea mwingine. Ya unga ni vigumu zaidi kuijua, kwa hiyo ni afadhali kununua nyuzi nzima. Tena, unga wa rangi ya chakula uuzwao madukani kwa jina la zafarani si zafarani kamwe.

Mpishi asiitupe katika mafuta ya moto, kwa kuwa rangi yake huyeyuka katika maji wala si katika mafuta. Chukua nyuzi kidogo, uzisage na chembe za sukari, uziloweke katika maji ya moto kidogo au maziwa kwa muda wa robo saa, kisha unyunyize juu ya wali. Iliyobaki iwekwe katika chupa yenye kifuniko, mbali na mwanga na unyevu.

Kwa habari ya afya, wataalamu wamejaribu kuwapa watu wenye huzuni nyingi kiasi cha miligramu 30 kwa siku, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini hiyo si sababu ya mgonjwa kuacha dawa za hospitali. Kula gramu 5 au zaidi kwaweza kuleta sumu mwilini, na mwanamke mwenye mimba asiitumie kama dawa. Kidogo cha chakulani chatosha.

Na yule asiyeweza kuinunua asione haya. Manjano yalimwayo Unguja na Muheza hutia wali rangi nzuri kwa bei ndogo, ijapokuwa ladha yake ni nyingine. Ila ni vema kuwa mwangalifu unapoyanunua, maana katika Bangladesh uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba manjano mengine yalikuwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Nasi twaongeza kwamba manjano ya kweli ni bora kuliko zafarani ya uongo. Twawasihi walimu wawaonyeshe wanafunzi jaribio lile la kikombe cha maji, ili wakawafundishe wazazi wao nyumbani.