Mkate Usio na Ngano Ulipogoma Kuumuka

Akina mama wengi tumejifunza kuoka kwa mikono, si kwa kitabu. Unga tunaupima kwa bakuli, maji kwa macho, na donge likiwa tayari vidole ndivyo vinavyotuambia. Ujuzi huo hututosha miaka yote, mpaka siku daktari anapomwambia mmoja wetu kwamba mtoto wake asile ngano tena.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja tunayemfahamu. Binti yake wa miaka 7 alikuwa akiharisha mara kwa mara, tumbo limejaa, na hakui kama wenzake. Dawa za minyoo hazikusaidia. Mwishowe vipimo vilionyesha kuwa ana siliaki. Mtu mwenye ugonjwa huu akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na ile nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mwili wake hushambulia utumbo wake wenyewe. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha vyakula hivyo maisha yote, hata kipande kidogo cha andazi.

Siku ya kuzaliwa ya binti ilikuwa imekaribia, naye alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mkate wa mama, ule wa siku zote. Tulikuwepo jikoni siku mama huyo alipojaribu. Alichukua unga wa mchele kwa kipimo kile kile cha ngano, akatia hamira, sukari, siagi na maji ya vuguvugu, akaanza kukanda. Donge likawa kama mchanga uliolowa. Ukilikusanya huku, linameguka kule. Alipoongeza maji likawa tope, alipoongeza unga likapasuka. Baada ya saa mbili halikuwa limeumuka, ila lilikuwa na nyufa kama shamba la kiangazi. Akalioka hivyo hivyo. Kilichotoka kilikuwa kizito kama tofali, na kisu kilipopita kikageuka chenga. Mtoto alionja, akasema kwa adabu kwamba ameshiba.

Mikono ya mama huyo haikuwa na kosa. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, protini zake hushikamana na kufanya kitu kama wavu unaovutika. Hamira hutoa hewa, wavu huikamata, donge linapanda. Mchele hauna wavu huo. Unaweza kuukanda mpaka jasho likutoke, hewa itapita kwenye nyufa na kwenda zake.

Inasikitisha kwamba kitu hicho hicho kinachouinua mkate ndicho kinachomwumiza mtoto wa namna hii. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa ilipoibana nchi yake na mkate ukaadimika, wazo lake lilipata nguvu, na mwaka 1950 alilieleza katika tasnifu yake. Kabla ya hapo wazazi wengi waliwalisha watoto wagonjwa mkate wakidhani wanawajenga.

Jawabu la jikoni lilitoka kwa mama mkwe, mzaliwa wa Tanga. Aliutazama ule mkate, akacheka kidogo. "Mwanangu, mchele haukandwi. Mchele unamiminwa."

Wanawake wa pwani wameoka mkate wa mchele tangu zamani, nao ndio mkate wa kumimina. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, uchuje, kisha uusage pamoja na tui zito kikombe 1, hamira kijiko cha chai 1 na iliki. Uwe rojo zito la kumiminika, si donge. Uache mahali pa joto mpaka ujae mapovu, utie sukari kwa kupenda kwako na ute mweupe wa yai uliopigwa, kisha umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Funika, palia makaa juu, na chini uache moto mdogo. Hapa wanga uliopikwa, pamoja na ute wa yai, ndio unaoshika hewa. Binti alikula vipande vitatu.

Anayetaka mkate wa kukatwa kwa ajili ya chai ya asubuhi achanganye unga wa mchele na wanga wa muhogo, atie mayai na kijiko kimoja au viwili vya maganda ya isabgoli, yanayopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa. Maganda hayo hunywa maji na kuwa utelezi unaofunga unga. Rojo lipumzike nusu saa kabla ya kuokwa, la sivyo unga wa mchele utabaki na mchanga mdomoni. Wala usiukate ungali moto, kwa maana katikati bado haujashika.

Mahali pa hatari zaidi ni mashineni. Mashine iliyotoka kusaga unga wa lishe wenye ngano itauchafua mchele wako, na macho hayataona. Ni afadhali kusagia nyumbani, na chekecheo la mtoto liwe lake peke yake. Kumbuka pia kwamba suji na tambi nyingi za dukani ni ngano.

Lakini mama, usimwachishe mtoto ngano kwa kubahatisha. Kuharisha kuna sababu nyingi, na kipimo cha damu cha siliaki huweza kudanganya ikiwa mtoto ameshaacha kula ngano. Apimwe kwanza.

Mkate wa mchele hukauka upesi. Ukibaki, ufunge vizuri, na kesho yake uweke juu ya mvuke dakika chache. Utalainika vya kutosha kumfungia mtoto aende nao shuleni.