Kujifunza Kiingereza kwa simu Kindu: kabla ya kumaliza mega, ipime programu yenyewe

Mkazi wa Kindu anayepakua Duolingo ili ajifunze Kiingereza hukutana mapema na jambo la kushangaza. Programu inataka kujua anatoka lugha gani, ili imfundishe kwa lugha hiyo. Kuna Kifaransa, Kireno, Kituruki, Kihangaria, Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Kiswahili kimewekwa kwenye orodha nyingine, ile ya lugha za kigeni ambazo msemaji wa Kiingereza anaweza kujifunza, na kimekuwapo huko tangu 2017.

Kwa hiyo Mmarekani anayetaka kusalimia watu sokoni Kindu ana somo lake. Mwenye duka wa Kindu anayetaka kusoma karatasi za mzigo uliotoka Dubai au Lusaka hana, ila apitie Kifaransa kwanza.

Tathmini nyingi za programu za lugha hazilitaji jambo hili. Hupima rangi, michezo, bei na idadi ya lugha zilizomo. Kwa mtu wa Maniema, hilo ndilo la kwanza kupimwa, kwa sababu linaamua kama miezi yake ya kujifunza itazaa kitu.

Haja ipo, na si ya fahari

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022. Mkataba wa jumuiya hiyo wa 1999, katika ibara ya 137, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa mawasiliano mapana. Soko limefunguka kuelekea mashariki na kusini, na karatasi zake nyingi, kuanzia ankara hadi maelekezo ya kifaa, huandikwa kwa Kiingereza.

Mahitaji mengine ni ya zamani zaidi. Miaka ya 2000 ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ulikuwa na kambi Kindu. Baadaye mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika eneo la Kabambare, uliendeshwa na Banro, kampuni ya Canada. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu akitafuta makala ya karibuni juu ya maradhi ya mihogo au ya malaria, anakuta nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza.

Kiingereza kinafundishwa sekondari. Lakini aliyeacha shule mapema, au aliyemaliza zamani na sasa ana watoto na kazi, hawezi kurudi darasani. Mwalimu aliye karibu naye ni simu.

Kosa la nani?

Katiba ya 2006 inaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumike katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha Kifaransa kishike. Nyumbani, sokoni na kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Alunguli, watu wanaongea Kiswahili. Kifaransa cha mtu kinategemea alisoma hadi wapi, na alisoma shule gani.

Sasa mtu wa namna hiyo aoneshwe picha ya kijiko, na chini yake maneno ya kuchagua. Neno la Kiingereza ni geni, hilo linatarajiwa. Lakini na neno la Kifaransa linalotumika kumweleza, cuillère, huenda alilisikia mara chache tu miaka kumi iliyopita. Akikosea, programu inaandika kosa la Kiingereza. Inamrudisha nyuma, inampa zoezi lilelile tena, na yeye anaanza kuamini kwamba Kiingereza ni kigumu. Huenda kilichomwangusha ni Kifaransa. Hakuna mahali kwenye kioo panapomwonesha tofauti.

Ubaya wa pili umejificha ndani ya sarufi. Msemaji wa Kiswahili anajua kutofautisha nimekula na nilikula. La kwanza lina uhusiano na sasa: nimekula, sina njaa. La pili limekwisha: nilikula jana. Kiingereza nacho kina njia mbili zinazokaribiana na hizo, have eaten na ate. Kifaransa cha kila siku hutumia j'ai mangé kwa zote mbili. Anayeelezwa Kiingereza kwa Kiswahili anaweza kuambiwa kwa mstari mmoja: fikiria -me- na -li-. Haitalingana kila mahali, lakini ni ngazi nzuri ya kuanzia. Anayepitia Kifaransa anapokonywa ngazi hiyo, kisha anahitaji masomo kadhaa kuelezwa kitu ambacho mdomo wake ulikuwa unakifanya tangu utoto.

Hali ni hiyohiyo kwa ninasoma na husoma. Kiingereza kinatenganisha anayesoma sasa hivi na mwenye kawaida ya kusoma. Kifaransa mara nyingi kinasema je lis kwa wote wawili.

Lakini Kifaransa kina faida zake pia. Kiswahili kina yeye mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na ndiyo sababu wasemaji wake huchanganya he na she hata baada ya miaka mingi. Aliyezoea il na elle hapati taabu hiyo. Tena Kifaransa na Kiingereza wanashirikiana maneno kwa maelfu, hasa ya ofisi, siasa na tiba. Mwenye Kifaransa kizuri atakwenda haraka, mradi aangalie mitego: librairie ni duka la vitabu, wakati library ni maktaba, actuellement ni sasa hivi, wakati actually ni kwa kweli. Kwa mtu huyo, programu inayofundisha kwa Kifaransa inafaa, na hana sababu ya kuiogopa.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu afungue masomo matatu ya mwanzo na asome upande wa Kifaransa peke yake. Akikwama zaidi ya mara moja moja, programu hiyo itamfundisha lugha mbili kwa wakati mmoja, na haitamwambia.

Imetungwa kwa ajili ya nani

Kiswahili chenyewe kilifika Maniema kikiwa lugha ya kigeni. Kilikuja katika karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliotafuta pembe za ndovu na watumwa, na kikatia mizizi Kasongo na Nyangwe, miji iliyo juu ya Kindu kwenye mto Lualaba. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa. Watu walijifunza lugha kwa sikio, wakiuza na kununua, wakipiga kasia, na wengi kwa kulazimishwa. Hakukuwa na kitabu.

Vitabu vilikuja na Wabelgiji, na viliandikwa kwa ajili yao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya historia ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alichunguza kamusi ndogo na miongozo ya lugha ya enzi hiyo na kuonesha jinsi ilivyoelemea upande wa kuamuru. Mzungu alifundishwa kwanza kusema lete, beba, nenda. Namna ya kumuuliza mtu anaonaje haikuwa na haraka. Kila kitabu cha kufundishia lugha humfikiria mtu fulani atakayeitumia, na humpa maneno ambayo mtungaji anadhani mtu huyo anayahitaji.

Programu za leo haziamuru mtu abebe mizigo, lakini nazo zina mtu wao kichwani. Ni msafiri. Anaagiza kahawa, anatafuta pasipoti, anauliza chumba cha hoteli, ana mbwa anayelala ndani ya nyumba. Anataka kujua treni inaondoka saa ngapi. Kindu ina reli, lakini msafiri wa Kindu haulizi treni ya saa tatu na robo. Anauliza ya wiki gani.

Maneno hayo hayana ubaya, na Kiingereza cha kuagiza kahawa bado ni Kiingereza. Ila muda wa mtu mzima ni mali. Muuguzi anataka kusema dawa hii inywewe baada ya chakula, na kuelewa maandishi ya kwenye chupa. Fundi pikipiki anataka kusoma ukurasa wa vipuri. Mfanyabiashara anataka kuandika kwamba magunia mawili yamefika yakiwa yamelowa. Kama baada ya miezi miwili bado wapo kwenye mbwa na kahawa, wataacha, na watasema hawana akili ya lugha.

Njia nzuri ya kupima ni kuchukua karatasi kabla ya kupakua chochote, na kuandika kwa Kiswahili sentensi kumi ambazo mtu angependa kuzisema kwa Kiingereza katika kazi yake. Zisiwe za kubuni. Ziwe zile alizokwama nazo mwezi uliopita. Karatasi itunzwe.

Mega, umeme na bundi

Matoleo ya bure ya programu hizi huleta matangazo, na matangazo hula mega kama masomo yanavyokula. Asiyejua hilo humaliza inite zake akidhani amesoma sana. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza programu ina masomo mangapi, inafaa kuuliza inafanya nini mtandao ukikatika. Kuna zinazoruhusu masomo kupakuliwa yakasomwa baadaye, na mara nyingine ruhusa hiyo hulipiwa. Jaribio ni dakika moja: washa hali ya ndege, kisha fungua somo la kesho.

Halafu kuna hesabu ya siku. Duolingo humhesabia mtumiaji siku anazosoma mfululizo, na bundi wake wa kijani humkumbusha asikatize. (Bundi, ndege ambaye katika nyumba nyingi sauti yake usiku haipokewi kwa furaha.) Kwa mtu mwenye umeme wa uhakika, hesabu hiyo inasaidia kujenga mazoea. Kwa anayepeleka simu kuchajiwa kwa jirani mwenye sola, na kungoja mtandao urudi, siku 40 zilizokatika hazisemi lolote juu ya bidii yake. Zinapima mnara wa simu. Asihuzunike nazo, wala asilipe fedha ili kuzilinda.

Saa 34, kwa nani?

Duolingo iliwafungulia watu wote mlango mwaka 2012. Mmoja wa waanzilishi wake wawili, Luis von Ahn, anatoka Guatemala, na amekuwa akieleza kwamba aliona nchini kwake jinsi Kiingereza kinavyobadilisha kipato cha mtu, na jinsi kinavyouzwa ghali. Mwaka huohuo watafiti wawili, Roumen Vesselinov na John Grego, walitoa ripoti iliyogharamiwa na kampuni hiyo. Walikadiria kwamba saa 34 za Duolingo, kati ya 26 na 49, zinalingana na muhula wa kwanza wa Kihispania katika chuo kikuu cha Marekani.

Takwimu hiyo bado inazunguka, na mara nyingi inatajwa bila maelezo yake. Waliopimwa walikuwa watu wa Marekani wanaojua Kiingereza vizuri, wakijifunza Kihispania, wakielezwa kwa lugha yao wenyewe. Hakuna hata moja kati ya masharti hayo linalomhusu mwanafunzi wa Kindu. Na hata tukiichukua ilivyo, kwa dakika kumi kwa siku, saa 34 ni siku 204. Ni karibu miezi saba hadi mwisho wa muhula wa kwanza, na anayeahidi lugha kwa wiki sita anauza kitu kingine.

Alama za ndani ya programu nazo si cheti. Vyuo vingi vya nje huangalia ngazi za Ulaya, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2, au mtihani maalum. Duolingo ina mtihani wake wa Kiingereza, ambao ni kitu tofauti na masomo ya bure: unalipiwa, unataka kompyuta yenye kamera, na unataka intaneti isiyokatika.

Linalobaki ni mdomo. Kugusa maneno yaliyokwisha andikwa na kuyapanga ni kazi moja, na kuyatoa kichwani mbele ya mtu anayesubiri ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Wala Kifaransa wala Kiswahili hakina tofauti ya sauti iliyo kati ya ship na sheep, na hakuna anayeipata kwa kidole. Wanaosoma wawili wawili, mmoja akishika simu na mwingine akijibu kwa sauti bila kuangalia kioo, wanatumia nusu ya mega na wanaongea mara mbili zaidi.

Mwezi ukiisha, karatasi itolewe, simu izimwe, na sentensi kumi zisomwe kwa Kiswahili, moja moja, na mwenzake. Anayeweza kuzisema nne kwa Kiingereza, hata kwa kusitasita, ana programu inayomfaa. Anayeweza kuagiza kahawa tu, na ajaribu nyingine kabla hajanunua mega za mwezi wa pili.